Mwaka Nilipoikaribisha Namba Nne

Nilibonyeza Ndiyo nikiwa na tonge mkononi. Nalisema mapema, kabla sijaanza kulitafutia maneno mazuri. Kompyuta iliniuliza swali moja tu, tena kwa Kiswahili, maana tulikuwa tumeitafsiri wenyewe: "Kifaa namba 4 kinaomba kuingia tena. Umekihakiki?" Chini yake palikuwa na Ndiyo na Hapana. Kuhakiki maana yake kutoka nje, kupanda mtumbwi, kupiga kasia mpaka kwenye boya la njano, kuvuta kamba hadi kifaa kichomoze, kusoma namba iliyochorwa tumboni mwake, kisha kukishusha tena taratibu. Kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua kasia. Mimi mbele yangu palikuwa na ugali wa moto na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Mkono wa kulia ulikuwa kazini, wa kushoto ulikuwa na kidole kisafi. Nikatumia kidole. Wala sikujiona nimekosea. Nimelelewa kwamba anayepiga hodi anaitikiwa karibu, maswali baadaye akishakaa.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilipigiwa simu kwamba Bi. Nyamizi amefariki, na simu ile ilinikuta barazani kwangu Ng'ambo, Tabora, mahali ambapo simu zote hunikuta. Nimevuka arobaini sasa. Natengeneza simu za watu, nawafungulia waliosahau neno la siri, na kabla ya simu ile safari yangu ndefu mwaka huu ilikuwa ya sokoni. Mke wangu husema siku nikifa watu watachelewa kugundua. Katika mji kama Tabora hii ni aibu, maana mji wenyewe umewekwa na watu wa kutembea. Babu zetu walibeba pembe begani mpaka pwani, miezi kwa miezi, wakarudi na vitambaa na hadithi za bahari. Mimi nikifika Kipalapala tu, hapo nje ya mji, naanza kuulizia usafiri wa kurudi. Mambo mengine ya ukoo nayaruka, hayana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi, na kosa lina mwaka wake mmoja, mwaka nilioishi kando ya bwawa, kwenye chumba cha nyuma cha mwanamke ambaye sikumzaa wala hakunizaa, nikila chakula chake kila siku.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, kidato cha nne nimemaliza zamani, nimekaa nyumbani natengeneza redio. Wakaja watu wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, wanatafuta mtu aliyesoma kidogo anayeweza kukaa sehemu moja mchana kutwa bila kulalamika. Nilikuwa mwombaji pekee mwenye uzoefu. Kiongozi wao alikuwa Injinia Neema, mwanamke mfupi wa Moshi, anayeongea kama mtu anayeogopa vocha itamwishia katikati ya neno. Walikuwa wametega vifaa sita chini ya bwawa, kila kimoja ukubwa wa chupa ya chai, vinavyopima maji na kupelekeana habari vyenyewe kwa vyenyewe bila waya, mpaka kwenye boya kubwa, na boya likazirusha hadi kompyuta yangu. Kituo cha nchi kavu kilihitaji chumba chenye umeme wa jua na mlango unaofungwa. Chumba hicho kilipatikana kwa Bi. Nyamizi.

Nakikumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka vyumba nilimozaliwa na kuolea. Bati lilikuwa jipya, likikata mvua kwa kelele. Kompyuta ilikaa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na Bi. Nyamizi aliposikia kwamba vumbi ni adui, akafuma kingine cha kuifunika, chenye pindo, kama anavyofunikwa bibi harusi. Pembeni palikuwa na gunia la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na mimi nilikaa kati ya gunia na kompyuta, mkono mmoja huku na mmoja kule. Dirisha lilitazama bwawa. Karibu na ukingo kulielea vizimba vinne vya nyavu, na ndani yake sato wa Bi. Nyamizi. Mumewe alipofariki alimwachia maksai wawili na plau. Watu walimshauri akodishe. Yeye akawauza maksai na plau pamoja, akanunua nyavu, mapipa ya kuelea na vifaranga vya samaki. Jirani yake, Mama Pili, alimwambia mbele yangu, wanachambua mchele, "Nyamizi, ng'ombe akiugua unamwona. Samaki utamwona ameshakufa." Bi. Nyamizi akajibu, "Ndiyo maana nimewaruhusu hawa waje na mashine zao." Kwa hiyo namba nne ikashushwa chini kabisa ya vizimba vyake. Vingine vitano vilipima joto na kina. Namba nne ilipima joto, na peke yake ndiyo iliyopima hewa ya majini, ile samaki wanayovuta.

Somo la usalama Injinia Neema alinipa palepale chumbani, siku mbili mfululizo, huku Bi. Nyamizi akiingia na kutoka kana kwamba anatafuta ungo. Alinieleza kwamba redio haifiki mbali majini, mawimbi yake yanamezwa, kwa hiyo vifaa vinasemezana kwa mlio, kama popo. Mlio unakwenda polepole, unagonga kingo, unarudi umechoka. Mwenye sikio la kufaa anausikia, mwenye kelele za kutosha anauzima, na betri ni ndogo mno kubeba kufuli kubwa. "Lakini ubaya wenyewe, kaka Shabani," alisema, "ni kwamba kifaa kiko peke yake kule chini. Nyumba ina mlango, ina jirani. Hiki hakina hata mbwa. Mtu akikinyanyua akakipeleka kwingine, funguo zake zote zinakwenda nacho. Kitaendelea kuongea kwa sauti yake ileile, na kitakuwa kinasema kweli. Ila kweli ya mahali pengine."

Nikamwuliza, "Sasa tutajuaje?"

"Ndiyo maana upo wewe."

Bi. Nyamizi akasimama mlangoni, ungo mkononi. "Kwa hiyo mmeweka shahidi chini ya samaki wangu," alisema, "na huyu kijana wa mjini ndiye shahidi wa shahidi."

"Hivyohivyo, mama."

"Haya. Basi tumshibishe. Shahidi mwenye njaa anasinzia."

Nilishibishwa. Nikasinzia vilevile. Injinia kabla ya kuondoka alibandika ukutani karatasi ya maadui wa mtandao, kwa wino mweusi: anayesikiliza kwa siri, anayepiga kelele makusudi, anayejifanya mwenzetu, anayerudia ujumbe wa jana ukaonekana wa leo. Niliisoma kila siku nikitafuna matobolwa. Niliwaza mtu mwembamba mwenye miwani, amekaa nchi ya baridi, anayatamani maji yetu. Sasa najua karatasi ile ilipungukiwa na mtu mmoja, na wa kulaumiwa si Injinia, kwao hayupo wa namna hii. Aliyekosekana ni mtani.

Mtani wangu aliitwa Masanja, Msukuma wa upande wa Choma kule Igunga, aliyeacha ng'ombe wa baba yake akaja kuvua kambare. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mpana, mwenye kofia ya sufu mwaka mzima. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani, na mtani ana ruhusa ambazo polisi hana. Kila asubuhi alipita dirishani. "Mwangaluka, mpagazi." Nami namjibu, "Mwangaluka, mchunga mikia." Ananiambia, "Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani akarudi na shuka moja." Namwambia, "Wewe wako hakufika hata stesheni, ng'ombe walimkatalia." Bi. Nyamizi anacheka jikoni. Tena kuna jambo zito zaidi. Mtani akichukua kitu chako hajaiba, ameteka. Anakificha, anasubiri utoke ukikitafuta huku umeshika kichwa, watu wakucheke, utoe jogoo, urudishiwe mali yako. Ukikasirika, aibu ni yako. Masanja aliwahi kuteka sufuria ya Bi. Nyamizi na uji ukiwa ndani. Kiti changu alikiteka mara moja, nikamgundua kabla hajavuka kizingiti, kwa sababu nilikuwa tayari nakikalia.

Mchana ule wa tonge, basi, namba nne ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi. Hilo halikunishtua, vilikuwa vikinyamaza na kurudi, hasa upepo ukichafua maji. Saa nane ikapiga hodi, nami nikaikaribisha. Nitasema sasa hivi kilichokuwa kimetokea, kwa sababu mimi sikujua kwa mwezi mzima na sioni sababu ya msomaji kuteseka pamoja nami. Masanja alikuwa amevuta kamba ya boya la njano, akakifungua kifaa kutoka kwenye kamba, akafunga jiwe mahali pake, akalishusha. Kifaa akakipeleka upande wa pili, mlangoni mwa bwawa, pale kijito kinapoingia, ambapo alikuwa na tenga kubwa la kuwekea kambare wake wazima. Hakuwa na nia mbaya. Alisikia kwamba kifaa kisipokuwa majini kinakufa, kwa hiyo akakitunza majini. Akakilaza ndani ya tenga, kwenye maji mafupi yanayotembea, katikati ya kambare, na chenyewe kikaanza tena kusema kweli.

Kuanzia hapo namba nne ikawa na tabia mpya. Vingine vyote vya chini vilikuwa na baridi ileile asubuhi na mchana, kama chumba cha ndani. Namba nne ikawa inapata joto saa saba na kupoa jioni, kama mtu aliyekaa barazani. Niliona. Hapa siwezi kujitetea kwamba sikuona, maana nilichora mstari kwa kalamu ya risasi kwenye daftari, mlima na bonde, mlima na bonde, siku tano. Nikampigia Injinia. Aliuliza, "Funguo zake zinakubali?" Nikasema zinakubali. "Jina lake lenyewe?" Lenyewe. Nyuma yake nikasikia magari ya huko kwao. "Iliporudi, ulikwenda kuiangalia?"

Mtu anadhani uongo unahitaji muda wa kupangwa. "Nilikwenda," nikasema.

"Ukasoma namba?"

"Niliisoma. Nne."

"Basi kipimajoto kitakuwa kimechoka. Nitakibadilisha nikija Januari. Asante kwa uangalifu wako, kaka Shabani."

Kile kiasante ndicho kilichonifunga. Kabla yake ningeweza kwenda bado, nikasema nimerudia kuangalia. Baada yake, kila siku niliyochelewa iliongeza siku nyingine ya kueleza. Nilikwenda hadi ukingoni mara nne, nazikumbuka. Mara ya kwanza mtumbwi ulikuwa na maji ndani. Mara ya pili niliingia, ukatikisika, nikatoka. Mara ya tatu niliketi kwenye jiwe nikijiambia kwamba hata nikifika sitaweza kuivuta kamba bila kuangukia majini, na kuogelea sijui, na vizimba vile vya Bi. Nyamizi viko mbele yangu vinacheza taratibu, samaki wanaruka. Mara ya nne nilimkuta Masanja amekaa palepale kwenye jiwe, anashona wavu.

"Mpagazi," alisema, "mali zako zote zipo?"

"Zipo."

"Umehesabu?"

"Mimi nakaa nazo siku nzima, kaka. Wewe hesabu kambare wako."

Akanitazama kwa muda, sindano imesimama hewani. "Hivi wewe huwa unatoka kweli? Au ukitoka unatuma mtu?" Nikacheka. Naye akacheka, lakini alicheka kama mtu anayesubiri mwenzake aelewe. Nilirudi chumbani nikiwa nimefurahi kwamba nimepata sababu ya kutopanda mtumbwi: nisingetaka Masanja anione ninavyopiga kasia. Mzaha wake wote ulijengwa juu ya mtu wa kawaida, mtu ambaye kitu chake kikipotea anakwenda kukitazama. Hakuna aliyemwambia kwamba mimi si mtu wa namna hiyo.

Jioni moja, Bi. Nyamizi akipepeta karanga, aliniuliza namba nne inasemaje. Alikuwa ameshazoea kuuliza, kama mtu anavyoulizia hali ya mgonjwa kwa mwenye simu. Nikamwambia hewa ipo tele. "Maana zamani," alisema, "nilikuwa naamka kabla ya adhana ya mbali ile, nakwenda kuwaangalia samaki midomo. Sasa nalala. Umeniharibu, mwanangu." Alisema kwa furaha. Nilikula karanga zake zile.

Mvua ya kwanza ilikuja jioni, nzito, ya mawe madogo. Anayeishi kando ya bwawa anajua kinachofuata. Maji ya juu yanapoa ghafla na kuzama, ya chini yanapanda na uozo wake wote, na hewa inaisha. Bwawa linanuka kama mtungi uliosahauliwa. Alfajiri nilisikia sauti nje, nikatoka nimejifunga shuka. Bi. Nyamizi alikuwa ukingoni, khanga imelowa hadi magotini, na pamoja naye Mama Pili na wanawake wengine watatu, kamba begani. Sato walikuwa wamepandisha midomo juu ya maji, mamia, wanafungua na kufumba bila sauti. Zamani hapo hapangekuwa na mjadala, vizimba vingevutwa kwa kamba mpaka mlangoni mwa bwawa, penye maji yanayotembea, kazi ya saa mbili au tatu ya watu watano. Lakini kuvuta nako kuna hasara, nyavu zinachanika, samaki wanajeruhiana, na mwaka wa nyuma yake alipoteza kizimba kimoja kwa kuvuta bure. Ndiyo maana aligeuka akaniangalia mimi.

"Mashine yako inasemaje?"

Nikaingia ndani. Nakumbuka nilitoa kile kitambaa chenye pindo nikakikunja vizuri kabla ya kutazama, mikono ilikuwa inataka kitu cha kufanya. Namba tano ilisema maji ya chini yamevurugika. Namba mbili hivyohivyo. Namba nne ilisema hewa ipo, nyingi kuliko jana. Bila shaka ipo, ilikuwa imelala kwenye kijito kilichojaa mvua. Nilisimama pale nikijua. Sikujua habari ya Masanja, hilo hapana, lakini nilijua kwamba kile kifaa hakikuwa kinasema habari za hapa. Ningeweza kusema: mama, usiniulize mimi, vuta. Maneno manne. Nilitoka, wote watano wakanigeukia, Injinia alishanishukuru, na mimi nikasoma nilichosoma.

"Inasema hewa ipo, mama. Tele."

"Una hakika?" aliuliza Mama Pili.

Bi. Nyamizi akamjibu badala yangu. "Shabani aliiangalia kwa macho yake mwenyewe mwezi uliopita, nilimsikia akimwambia Injinia. Ulikwenda, si ndiyo?"

"Nilikwenda, mama."

Akawaambia wanawake wakapumzike. Wakakunja kamba. Mama Pili alikuwa wa mwisho kukunja.

Hadi adhuhuri vizimba vilikuwa vyeupe kwa matumbo ya samaki. Sitaeleza harufu. Nitaeleza tu kwamba Bi. Nyamizi hakulia, aliingia majini na nguo zake akaanza kuwatoa kwa beseni, na kwamba mimi nilishika beseni jingine nikasimama ukingoni napokea, nampa Mama Pili, anamwaga shimoni. Kila beseni lililonifikia nilitaka kusema, na kila beseni lilifuatwa na jingine. Alikuwa amebakiwa na nyumba, kuku na nyavu. Plau haikuwepo, maksai hawakuwepo, na msimu wa kulima ulikuwa umefunguliwa na mvua ileile.

Saa kumi Masanja alikuja kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi, mara ya kwanza namwona kichwa. Alikuwa na gunia lililolowa. Akalifungua juu ya gunia la matobolwa, namba nne ikatokea, ina ute wa kambare.

"Nilikuwa nakusubiri uje," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza kwa sauti ya chini, jiwe, tenga, kila kitu. "Jogoo mmoja tu, Shabani. Hata kifaranga ningepokea. Kila siku nasema leo atakwenda kuangalia, leo atavuta kamba aone jiwe, aje anipigie kelele. Nikakuuliza pale kwenye jiwe. Nikakuuliza waziwazi."

"Uliniuliza."

"Mwezi mzima mtu haendi kutazama kitu chake?"

Nilitafuta hasira nikakosa. Ya kumkasirikia mtani haipo, na ya kujikasirikia inahitaji mtu mwenye nguvu. Tulikaa tukisikiliza beseni likikwanguliwa nje. Mwisho akasema, "Sasa tunafanyaje?" nami nikasema, "Irudishe." Akairudisha kabla jua halijazama, akafungua jiwe, akafunga kifaa. Kompyuta ikaniuliza kama nimekihakiki. Safari hii nilikwenda, nimeketi katikati ya mtumbwi wake nimeshika kingo zote mbili, nikasoma namba kwa macho yangu: nne. Namba nne ikasema hewa hakuna. Mwezi huohuo Masanja alihama. Nasikia yuko Usinge, analima, na hatanii watu wa huko.

Injinia Neema alikuja Januari kama alivyoahidi. Alikaa siku nzima akipekua kumbukumbu za mtandao. Hakuona mgeni, hakuona ujumbe wa kughushi, hakuona kelele. "Hatukuvamiwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefarijika, akaandika hivyo kwenye ripoti. Alibadilisha kipimajoto ambacho hakikuwa na tatizo. Nilimshikia bisibisi. Mara mbili alinitazama kana kwamba anataka kuuliza jambo, na mara mbili nikamwuliza kama ataongeza chai. Akampa pole Bi. Nyamizi, akamweleza kwamba teknolojia bado ni changa. Bi. Nyamizi akasema amesikia.

Mimi nikaendelea kukaa. Mkataba ulikuwa mpaka Machi, na sikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa nyumbani. Bi. Nyamizi alianza kulima kwa jembe la mkono shamba la kuazima, akirudi mchana ana udongo hadi kwenye nyusi, na chakula changu kilikuwa mezani. Nsansa, wakati mwingine uyoga wa masika alioutoa porini, ugali umefunikwa kwa sahani. Hakuniuliza tena namba nne inasemaje. "Shikamoo mama," naamkia. "Marahaba," anaitika, anapita. Miaka yote hii nimeishi kwa kula chakula kile upya. Kila nilipoamka usiku wa kichwa kuwaka, nilijiambia: angekuwa ana kinyongo asingenipakulia. Mwanamke aliyepoteza kila kitu, akakufunikia ugali usipoe, hajakusamehe huyo? Nilimtumia sukari kila Idi kwa madereva wa bodaboda. Kwenda mwenyewe nikawa nasema nitakwenda. Nilitaka kumwambia ana kwa ana, kwa simu niliona si adabu. Kila mwaka ulikuwa na sababu zake na kila sababu ilikuwa na kiti chake.

Nilifika siku ya kuanua matanga, nimechelewa maziko. Bwawa limepungua, vizimba havipo, chumba changu cha nyuma kina mbuzi. Mama Pili, mzee sasa, jicho moja limeingia ukungu, alikuwa nyuma ya nyumba anakwangua sufuria za msiba kwa mchanga. Nilimwamkia, nikachuchumaa, nikachukua sufuria nami nikakwangua. Nikaona bora nimwambie yeye, maana yule wa kuambiwa hayupo na huyu alishika kamba. Nilimwambia yote: kidole, uongo wa kwenye simu, uongo wa ukingoni, Masanja na jiwe lake. Nilichukua muda mrefu. Nikamalizia kwa kusema kwamba linalonipa nafuu ni kuwa marehemu hakujua, na kwamba hata kama alijua, alinisamehe, kwa sababu aliendelea kunilisha hadi siku niliyofunga mzigo.

Mama Pili alimwaga maji machafu, akaisuuza sufuria, akaipindua juani. Kisha akasema:

"Masanja alimwambia siku ileile kabla hajaja kwako. Nyamizi alikuwa anasubiri uone aibu uondoke, Shabani, na wewe ukaendelea kula miezi minne."